Saa za mtaani kwenye uuguzi wa haraka

Wadogo zangu mnaoanza, swali lenu ni lile lile: nitaweza kusoma huku nafanya kazi? Kwa wengi, hapana. Hapa Marekani, mwenye digrii ya fani nyingine humaliza uuguzi wa haraka, yaani digrii ya uuguzi iliyofupishwa, kwa miezi 12 hadi 18. Mimi nilikuja na digrii ya biashara, nikang'ang'ania zamu mbili za usiku kwenye nyumba ya wazee. Mtihani wa hesabu za dozi ukaniumbua. Wekeni akiba kwanza.

Hilo mtaambiwa na kila mtu. Langu ni saa za jamii, zile siku mnazopelekwa ukumbi wa kanisa, makazi ya wasio na nyumba au majumba wanakokaa wakimbizi, mkapime presha na sukari. Ndiyo kazi aliyoianza muuguzi Lillian Wald huko New York mwaka 1893, akipanda ngazi za nyumba za wahamiaji. Wengi wetu tuliziona saa za kusainiwa karatasi tu.

Mpaka nilipompima presha mama mmoja kutoka Kongo: 178 kwa 104, juu sana. Dawa anazo, tena kopo limejaa. Nikajisemea, leo Kiswahili changu kitafaa. "Mama, vidonge unameza kila siku?" Akanitazama tu. Binti yake akacheka: "Sisi tunasema kinini." Haya, kinini. Kumbe alikuwa akimeza siku kichwa kikimuuma, basi. Kwake, dawa hufuata maumivu, na presha haikuwa ikimuuma.

Mkufunzi wangu hakunisifu kwa kutafsiri. Alinikalisha pembeni: maelekezo ya dawa yapitie kwa mkalimani aliyefuzu, hata kwa simu. Salamu na stori, sawa, ni zako. Niliudhika, ila neno moja tu lilikuwa limeshanipoteza, na bado najiita Mswahili!

Nilipokaa kwenye NCLEX, mtihani wa leseni, nilimkumbuka yule mama. Tangu Aprili 2023 una visa vya wagonjwa: unasoma maelezo, unachagua lipi la kushughulikia kwanza. Waliozoea kukariri walihangaika. Mimi nilikuwa namwona mama yule na kopo lake.

Halafu viatu. Nunueni visivyo na kamba. Nyumba nyingi mtavua mlangoni, na kwa siku zinaweza kufika sita.