Samaki asiingie kwenye mafuta kabla pesa ya kila mtu haijaingia

Mleta uzi, weka hiyo simu chini kwanza. Umeuliza mambo manne: hoteli gani ya samaki Kisumu inaweza kuwatosha watu kumi na wawili Jumamosi jioni, kama ni lazima kubuku meza, mbu wakoje, na kama ni sawa wewe ulipe bili yote kwa M-Pesa yako halafu wenzako wakurudishie Jumatatu. Hayo matatu watakujibu watu wenye roho safi. Mimi nimekuja kwa hilo la nne, na jibu ni hapana. Usithubutu.

Naona kuna mtu hapo juu ameshakuambia "lipa tu, marafiki ni marafiki." Huyo ama hana marafiki, ama ndiye huwa analipiwa.

Sisi tulikuwa kundi kama lenu, wengine wametoka Kakamega, wengine Vihiga, wengine wa hapa hapa mjini. Tukaenda sehemu moja kando ya ziwa, jina nabaki nalo. Ilikuwa mwisho wa mwezi. Nimeiona Kisumu ikifurika wageni, sherehe za Madaraka za 2021 na mkutano wa Africities wa 2022, lakini Jumamosi watu wakiwa wametoka kulipwa mshahara na wote wanataka samaki ni habari nyingine. Wanaosubiri wanasimama nyuma ya kiti chako wakikuhesabia mifupa.

Sasa, kulikuwa na jamaa, rafiki wa rafiki, aliyejitangaza kuwa mwenyeji wetu. "Omera, hapa wananijua. Agizeni tu, bei ni ya nyumbani. Mmoja alipe, tusimsumbue mama wa hoteli na vijipesa vidogo vidogo, tutagawana baadaye." Wote wakanigeukia kwa kuwa mimi ndiye nilikuwa nimepata kazi juzi juzi. Nikatoa kifua, nikasema hakuna shida. Kile kifua nilikilipia mpaka kikaisha.

Sikiza vile mahali penye msongamano huenda. Meza hazina namba. Zinavutwa, zinaunganishwa, zinatenganishwa, na weita hana muda wa kukariri sura. Anaandika kwa alama ya mlipaji. Siku hiyo nilivaa shati la manjano, basi kwenye daftari lake la mraba meza yetu ikabatizwa "Shati Njano". Mwandiko wake ninao kichwani hadi leo, kalamu nyekundu, kurasa zimelowa mchuzi pembeni: mbuta (ndiye sangara) 1 kubwa, ngege (ndiye tilapia) 4, ugali 6, soda 9. Chini yake, mbuta 1 kubwa, tena. Chini yake soda, soda, soda. Kila aliyepita na kutusalimu, binamu wa fulani, mtu aliyesoma na fulani, alivuta kiti, akamiminiwa maji akanawa, akamwambia weita, "Andika kwa Shati Njano." Mwenyeji wetu anawakaribisha kwa mikono miwili. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Wetu alipona mpaka akalegeza mshipi.

Na hiyo "bei ya nyumbani"? Wewe unajua samaki wa pale hana bei moja. Unaonyeshwa akiwa mbichi, unachagua kwa macho, unaambiwa huyu ni kiasi hiki na yule ni kiasi kile, mnapatana, ndipo anachanjwa na kutiwa kwenye mafuta. Akishakaangwa, amejikunja, mkia umekatika, nani ataapa alikuwa na ukubwa gani? Aliyeenda kuchagua ni mwenyeji, peke yake, sisi tukiwa tunapiga picha za jua likizama. Akarudi anafuta mikono, "nimewapangia." Alikuwa amejipangia. Kichwa cha mbuta wa kwanza kilitua mbele yake na hakikuzunguka.

Bili ikaja: 17,460.

Salio langu lilikuwa elfu kumi na mbili na ushei. Zilizobaki nikafuliza, yaani nikachukua Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa salio likipungua. Ndiyo, nilikopa ili binamu wa mtu nisiyemjua ale mbuta wa mchuzi na ugali wa pili. Cheka, mimi pia hucheka, hasa nikilipa kodi ya nyumba.

Jumatatu sasa. Kundi la WhatsApp lililokuwa na picha mia likawa kimya cha matanga. Mmoja akasema alikula sukuma wiki tu. Mwingine aliondoka mapema kuwahi matatu, kwa hiyo "hahesabiki." Mmoja alitoka kwenye kundi kabisa, nikaona tu ile "ametoka." Na hili hakuna anayekuambia: ukiwa umefuliza, pesa yoyote ikiingia M-Pesa inakatwa kulipa deni kwanza. Kwa hiyo rafiki yangu mmoja mwaminifu, Mungu ambariki, akanitumia mia tano. Ujumbe ukalia. Naangalia salio, sufuri. Ananiuliza, "Umeziona?" Nimeziona zikipita, ndugu yangu.

Nilipompigia mwenyeji akanijibu, "Kwani si wewe ndio ulituita?" Hapo ndipo pananiuma, kwa sababu huku kwetu ana hoja. Anayeita watu kula ndiye anayelipa, hata nyanya yangu angemuunga mkono. Ukishajitaja mbele ya sahani kwamba utatangulia kulipa, watu wameshashukuru na kusahau. Wewe unadhani umewakopesha, wao wanajua umewaalika.

Kwa hiyo samaki asiingie kwenye mafuta kabla pesa ya kila mtu haijaingia. Nendeni wawili watatu jikoni, si mmoja. Chagueni samaki akiwa mbichi, bei itajwe kila mtu akisikia, jumlisheni ugali na soda, gawanyeni, halafu kila mtu alipe mwenyewe kwenye namba ya tili ya hoteli, ile ya biashara ya M-Pesa. Mteja akilipa kwa tili hakatwi ada. Akikutumia wewe anakatwa, na hiyo shilingi saba au kumi na tatu ndiyo itakuwa sababu ya kukuambia wiki nzima "natafuta ya kutumia." Mama akilalamika kwamba jumbe ni nyingi, kaeni hapo mmuonyeshe moja moja. Atakayeongeza soda baadaye alipe akiipokea, chupa mkono huu, simu mkono ule. Asiye na kitu aseme kabla, mumchangie kwa roho moja, hakuna aibu hapo. Aibu ni ya anayegundua hana kitu akishalamba vidole.

Na usivae shati la rangi kali. Sitanii.

Mengine uliyouliza, kubuku nadhani ndiyo, piga simu mapema. Mbu wapo, si ni ziwa? Hoteli, wengi watakuelekeza Dunga, ule ufuo wa wavuvi, na hawatakuwa wamekosea, ingawa hapo pia unaweza kuuziwa ngege wa kizimba, yaani wa kufugwa, kwa bei ya aliyevuliwa ziwani, kwa hiyo uliza. Kuhusu usafiri wa usiku siwezi kukushauri kitu, mimi siku ile nilirudi kwa miguu.

Na wewe mwenyeji, uko humu jukwaani na najua unasoma. Sehemu yako ni elfu moja mia nne hamsini na tano, binamu sijamhesabu. Namba yangu ni ile ile, na Fuliza nilishamaliza, kwa hiyo safari hii zitafika.