Mleta mada, toa huo wavu mlangoni leo hii

Mkuu, acha unachofanya ukatoe huo wavu wa malkia. Habari ya maji ya sukari, kivuli na sanduku la juu itasubiri. Umeandika kwamba umekamata kundi dogo la nyuki waliotua kwenye tawi, ukawaingiza kwenye mzinga wa fremu, ukaweka wavu wa malkia mlangoni "wakae nao kama mwezi hivi mpaka wazoee", na keshokutwa utafungua kumtafuta malkia. Nilipofika kwenye hilo neno mwezi, damu ilinichemka. Maneno hayohayo niliambiwa mimi, na kundi langu likateketea lote huku kila asubuhi nikiwaona nyuki wanatoka na kurudi, nikiamini mambo yanakwenda vizuri.

Hoja ya wavu inaingia akilini kweli. Nafasi zake ni zaidi kidogo ya milimita 4. Vibarua, yaani nyuki wafanyakazi, wanapenya, malkia hapiti. Kundi jipya halikubali kumwacha malkia wake, kwa hiyo ukimzuia yeye umewazuia wote. Shida ni kwamba hesabu yote hiyo imesimama juu ya jambo moja ambalo hakuna aliyekuuliza: huyo malkia aliyemo ndani amekwisha kupandwa na madume?

Mzinga ukijaa na nyuki wakaamua kugawanyika, kundi la kwanza huondoka na malkia mzee, yule aliyekuwa anataga hapo siku zote. Huyo ana mbegu za kumtosha. Kule nyuma wanabaki nyuki wengi na vyumba vya malkia wapya ambavyo bado havijafunguka. Baada ya wiki moja hivi malkia wapya wanaanza kutoka, na mzinga wenye nyuki wengi unaweza kurusha kundi la pili, hata la tatu. Makundi haya ya nyuma huwa madogo, na malkia wanaoondoka nayo ni bikira. Pengine utakuta zaidi ya mmoja katika kundi moja. Sasa rudi usome ulichoandika mwenyewe: kundi dogo. Udogo peke yake hauthibitishi kitu, lakini kwako ilitosha kuwa sababu ya kusita.

Malkia bikira hapandwi ndani ya mzinga. Hilo halipo. Akishafikisha siku kadhaa za umri hutoka mchana wenye joto na upepo mtulivu, akaruka mpaka mahali angani ambako madume wa mizinga mbalimbali hukusanyika, akapandwa na madume kumi, kumi na watano, hata ishirini, kwa safari moja au zaidi. Mbegu anazihifadhi kwenye kifuko kidogo tumboni na kuzitumia maisha yake yote. Akishaanza kutaga hatoki tena kwa kazi hiyo. Na muda wake ni mfupi. Akikaa amefungiwa wiki tatu nne hivi, nafasi imempita, na hata ukimfungulia mlango baadaye haitakusaidia.

Usidhani basi atakaa tu bila kutaga. Anataga! Hapo ndipo ubaya wote ulipo. Yai la nyuki lisilorutubishwa haliharibiki, linakuwa dume. Padri na mfugaji nyuki Johann Dzierzon alilisema hili mwaka 1845, kwa hiyo si siri mpya ambayo mwalimu wa ufugaji angeweza kukosa kuisikia. Malkia uliyemfungia anajaza masega mayai ya madume matupu, na vibarua wanayalea kwa bidii kama kawaida. Wanaleta chavua kwa sababu kuna watoto wa kulisha. Ukisimama mlangoni unaona miguu imejaa chavua ya njano, unajipongeza. Kila mtu alikwambia ukiona chavua inaingia ujue malkia anafanya kazi. Anafanya kazi ndiyo, ila kibarua hazaliwi hata mmoja.

Kibarua anachukua kama wiki tatu kutoka yai mpaka kutoka kwenye chumba, na wakati wa kazi nyingi anaishi takriban wiki sita tu. Nyuki uliowaingiza mzingani hawakuja wote wakiwa wachanga. Kwa hiyo hata kundi lenye malkia mzuri hupungua wiki tatu za mwanzo kabla watoto hawajaanza kuziba pengo. Kundi lenye malkia aliyefungiwa linapungua hivyohivyo, halafu linaendelea kupungua, na wewe huko nje huoni tofauti mpaka umechelewa. Mimi nilipofungua nilikuta vifuniko vya majana, yaani watoto wa nyuki vyumbani, vimevimba juu kama risasi, badala ya vile bapa vya vibarua. Madume wamelelewa kwenye vyumba vya vibarua, masega yamepinda, nyuki waliobaki wamezeeka na mbawa zimechanika. Kwenye kona wadudu walikuwa wameshaingia. Kundi la nyuki wachache namna hiyo halina nguvu ya kulinda masega yake.

Na wavu wenyewe una ubaya mwingine. Madume waliokuja na kundi hawapiti, wanajibana hapo wakitaka kutoka mpaka wanakufa. Vibarua wanaburuta maiti kuzitupa nje, nazo zinakwama nyuma ya wavu. Zikijaa, hewa inapungua, na mzinga mpya wenye joto unakuwa tanuri. Unamfungia mtu ndani ili asihame, kisha unamtengenezea sababu zote za kuhama.

Aliyenifundisha mimi alikuwa na mafunzo yake ya siku mbili na pembeni meza ya kuuzia mizinga, mavazi na hizo nyavu. Hakuuliza kundi lina ukubwa gani, limetoka wapi, wala kama malkia alionekana. Alisema funga mwezi, hutajuta, akaenda kwa mteja mwingine. Nilipomrudia na habari ya madume aliniambia nina mkono mbaya na nyuki. Mkono mbaya! Mtu amekupa ushauri unaoua, halafu anakutafutia kosa mwilini mwako. Bado nina hasira naye na sioni sababu ya kuificha, maana nimeona ushauri uleule humu kwenye uzi wako, umeandikwa na mtu anayesema "weka tu mkuu, mimi niliweka na wametulia". Huyo nadhani hadanganyi. Kwa alivyoeleza mwenyewe, kundi lake lilikuwa kubwa na lilitoka kwenye mzinga wake mwenyewe, yaani karibu hakika lilikuwa na malkia mzee aliyepandwa zamani. Kwake wavu haukudhuru. Anachokosea ni kukupa wewe dawa ya mgonjwa mwingine.

Kwa hiyo kanuni yangu ni hii na sitaibadilisha: usimfungie malkia ambaye hujaona mayai yake. Na ukishayaona mayai, kundi limeshapata cha kulikalisha, wavu wa nini tena mlangoni? Wapo wazoefu wanaouweka siku mbili tatu kwa kundi la kwanza wanalolijua lilikotoka. Siwapingi, wanajua wanachokifunga. Wewe kundi lako umelikuta kwenye tawi.

Najua utasema watahama. Wanaweza, hasa hawa nyuki wetu wa Kiafrika ambao hawachelewi kuondoka wakikerwa. Lakini vipo vitu vinavyowakalisha bila kumfungia mtu. Kikubwa kuliko vyote ni sega moja lenye mayai na majana ambayo hayajafunikwa, kutoka kwenye mzinga wako mwingine wenye afya. Nyuki wanaona taabu sana kuyaacha majana. Tena sega hilo ni akiba yako, kwa sababu kama malkia hayupo kabisa, watajilelea mwingine kutoka kwenye mabuu wachanga. Huna mzinga mwingine? Weka fremu yenye sega kuukuu safi, au paka nta na gundi ya nyuki ndani, maana mzinga unaonuka mbao mpya au rangi hauwavutii. Weka kivuli cha mchana. Zuia siafu na sisimizi kwenye miguu ya kigoda. Kisha waache.

Kuwaacha maana yake hiyo safari yako ya keshokutwa ifute. Unakwenda kumtafuta malkia bikira, mdogo, mwenye mbio, tumbo halijarefuka, katikati ya nyuki ambao bado hawajaamua kama hapo ni kwao. Ukifungua anaweza kuruka akapotea, au nyuki waliovurugwa wakamzingira wakamuua. Mchana ndiyo usiguse kabisa, kwa sababu unaweza kufungua wakati yeye yuko nje. Vilevile usisogeze mzinga, usigeuze mlango wala kuweka kitu kipya mbele yake. Malkia akitoka husoma sura ya mahali ili arudi. Akirudi akakuta pamebadilika anaweza kuingia mzinga wa jirani, na huko wanamuua.

Maji ya sukari: sukari na maji kwa uzito sawa, ndani ya mzinga, jioni, bila kumwaga nje, na mlango uwe mdogo ili nyuki wezi wasije. Siku ya kwanza na ya pili si lazima, nyuki wa kundi hutoka kwao wakiwa wameshiba asali. Usiwape asali ambayo hujui imetoka wapi, inaweza kubeba vijidudu vya ugonjwa wa kuoza majana. Basi.

Turudi kwa malkia. Subiri wiki mbili mpaka tatu tangu ulipowaingiza, chagua asubuhi tulivu, moshi kidogo, inua fremu moja au mbili za katikati ambazo si lile sega ulilowapa. Malkia mwenyewe usimtafute. Tafuta mayai: moja moja, chini kabisa ya chumba, limesimama. Malkia anayeanza anaweza kuweka mawili hapa na pale, hilo halitishi. Ukikuta mengi kwenye chumba kimoja, tena yamebandikwa ukutani, hao ni vibarua wanaotaga na malkia hakuna. Siku kumi hivi baadaye rudi uangalie vifuniko. Bapa, umeshinda. Vimevimba vyote, malkia hakupandwa, na usikae ukisubiri abadilike. Mwondoe, kisha wape sega lenye mayai na mabuu wachanga, au waunganishe na kundi lingine kwa kuweka karatasi ya gazeti katikati ya masanduku mawili waitafune wenyewe. Fanya mapema wakiwa bado wengi. Wakishabaki kiganja kimoja, hata sega zuri hawana uwezo wa kulilea.

Kwa sasa nenda katoe huo wavu jioni wakiwa wametulia, vaa kinga, ufagie na maiti za madume kama zimeshaanza kukwama hapo. Halafu rudi hapa utuambie mambo mawili: wavu umekaa siku ngapi mpaka leo, na wakati unawaingiza, uliona malkia zaidi ya mmoja au wakigombana? Tukijua hayo nitakwambia uhesabu wiki zako kuanzia lini.