Maswali yenu: modi hupakuliwa tena, mipangilio haipakuliwi

Mwezi huu barua nyingi zinalia kilio kimoja: nimebadilisha toleo, nimebadilisha laptopu, nimefomati, sasa kila kitu kimerudi mwanzo. Walioniuliza modi (nyongeza za gemu za kompyuta) inawekwaje wanisamehe. Hilo nimelijibu hadi herufi M ya kibodi yangu imefutika.

Nilikuwa na Minecraft 1.16.5 yenye modi zaidi ya sitini za Forge (programu inayoendesha modi). Nimehamia 1.20.1, nikanakili folda yote ya config, yenye mipangilio ya modi, na kuibandika huko. Gemu inafunguka, ila nusu ya mipangilio yangu imerudi ya mwanzo. Modi zimeharibika? (Msomaji, Jinja)

Modi ni nzima, ssebo. Umezipa barua iliyoandikiwa wengine. Toleo la 1.16 lilitoka 2020 na 1.20 likaja 2023. Katikati hapo watengenezaji wamebadilisha majina ya vipengele, wamevihamisha, vingine wamevitupa. Forge ikikuta neno isilolijua ndani ya faili la mipangilio la .toml hulifuta. Ikikuta thamani isiyofaa huweka ya mwanzo. Halafu huandika mstari mmoja kwenye logi, faili la kumbukumbu za gemu, kwamba faili halikuwa sahihi na limesahihishwa, basi. Hakuna dirisha la kukuuliza kama unakubali. Kazi yako ya miezi inafagiliwa wakati wewe unatazama picha ya kupakia gemu.

Kama ulinakili, ya zamani bado unayo. Kama ulikata na kubandika, chungulia config kama kuna mafaili yanayoishia na .bak, Forge wakati mwingine huacha nakala kabla ya kusahihisha.

Safari nyingine, fungua toleo jipya config ikiwa tupu, acha modi ziandike mafaili yake zenyewe, kisha funga gemu. Weka faili la zamani na jipya kando kwa kando, uhamishe zile thamani ulizobadilisha kwa mkono wako tu. Utaona ni chache. Mtu mwenye modi sitini huwa amegusa vitu kumi au kumi na viwili. Mimi huviandika kwenye daftari la shule la kurasa 96: tarehe, modi, kipengele, kilikuwa ngapi, nimeweka ngapi. Wanangu wananicheka. Nilipohamia 1.20 kazi yote ilichukua muda wa kunywa chai kikombe kimoja.

Vitufe havimo ndani ya config. Viko kwenye options.txt, mistari inayoanza na key_. Na wewe uliyeniandikia kutoka Masaka ukitaka kuhamisha mafaili ya mipangilio ya .cfg ya 1.12, usijaribu hata kidogo. Forge iliacha muundo huo tangu 1.13.

Nitumie config yako ili gemu yangu iende kasi. (Wasomaji wanne, miji minne)

Hapana. Yangu imepangwa kwa skrini yangu, RAM yangu na macho yangu. Na msizoee kuomba wala kutumiana folda nzima: ndani ya .minecraft, folda ya gemu yenyewe, kuna mafaili kama launcher_accounts.json yanayoweza kubeba ufunguo wa akaunti yako. Kijana anayebana folda yote na kuirusha kwenye kundi la WhatsApp huenda amegawa akaunti yake bila kujua.

GTA San Andreas: baada ya kuweka modi, kipanya hakisogei. Niifute gemu nzima? (Msomaji, Lira)

Futa gta_sa.set peke yake, iko Documents ndani ya GTA San Andreas User Files. Yale yanayoanza na GTASAsf usiyaguse, ndiyo safari yako yote.

Umeme ulikatika nikiwa nacheza Minecraft. Sasa haifunguki, logi inasema "Not enough data available". Nimefuta modi zote nikazipakua upya, MB zimeisha, tatizo liko palepale. (Msomaji, Mbale)

MB umezichoma bure, dada, na ungeniuliza kabla. Logi ilikuambia ukweli: kuna faili la mipangilio ambalo ndani yake hamna kitu. Umeme ulikatika likiwa linaandikwa. Modi inalifungua, inakuta utupu, gemu inaanguka. Kwa kuwa ulifuta modi na kuiacha config, maiti umeiacha sebuleni.

Fungua folda ya config, ipange kwa ukubwa, tafuta lenye KB 0. Likikosekana, soma logi mistari ya karibu na kosa, mara nyingi jina la faili limetajwa hapo. Lifute hilo moja. Modi italiandika upya, na utarudishia mipangilio ya modi hiyo tu, zile nyingine zitabaki zilivyo. Kwa wenye kompyuta za mezani: nunueni UPS, betri inayoshikilia kompyuta umeme ukikatika, kabla ya kadi ya picha. Najua haipendezi kuonyesha marafiki.

Nina Euro Truck Simulator 2. Laptopu inakwenda kwa fundi kufomatiwa. Modi zangu nimeshazihamishia diski D. Kuna kingine? (Msomaji, Mbarara)

Swali hili nimelisubiri mwaka mzima, maana mimi nililijibu vibaya. Nilipeleka laptopu kwenye duka moja katikati ya Kampala. Fundi alikuwa na rolex, chapati ya mayai, mkono wa kushoto na bisibisi kulia, akaniuliza, "Mzee, vitu vyako viko D?" Nikasema ndiyo, kwa kujiamini kabisa. Modi zilikuwa D. Jioni nikafungua gemu: modi zote zipo, profaili haipo, kampuni yangu ya malori haipo, mpangilio wa usukani niliouhangaikia wiki tatu haupo. Fundi hakukosea kitu.

Mipangilio ya gemu mara nyingi hukaa C, kwenye Documents au AppData, na AppData Windows huificha. Ya kwako iko Documents, folda ya Euro Truck Simulator 2. Chukua folda ya profiles nzima. Ndani utaona majina kama 4F6B656C6C6F. Usiyafute ukidhani ni virusi. Hilo ni Okello, kila herufi imeandikwa kwa namba yake. Humo kuna controls.sii, yenye usukani na vitufe vyako, na profile.sii, yenye orodha ya modi na mpangilio wake. Kama profaili yako ni ya Steam Cloud (hifadhi ya mtandaoni ya Steam), iko ndani ya folda ya Steam: userdata, kisha namba yako, kisha 227300.

Config.cfg iache, hasa ukihamia mashine nyingine, maana imebeba vipimo vya skrini ya zamani. Gemu itajiandikia mpya. Hakikisha pia Documents yako ni ile unayoidhani. OneDrive ikiwa imewashwa huihamishia kwake kimyakimya.

Tena, flashi ya fundi usiichomeke ukachukua modi "za bure". Juni 2023 kirusi cha fractureiser kilipatikana ndani ya modi za Minecraft zilizokuwa kwenye CurseForge yenyewe, tovuti kubwa ya kupakua modi, na kilikuwa kikijipandikiza katika mafaili mengine ya .jar kwenye kompyuta. Flashi inayozunguka maduka kumi unaweza kuifikiria mwenyewe.

Tunacheza dunia moja ya Minecraft na kaka yangu, Forge 1.18. Nimempelekea folda ya config, lakini kwake sheria za modi ni tofauti na zangu. (Msomaji, Arua)

Sheria za dunia hazikai config. Fungua saves, jina la dunia yenu, utakuta folda ya serverconfig. Kila dunia ina yake. Mkitaka kila dunia mpya izaliwe na sheria zenu, wekeni nakala kwenye folda ya defaultconfigs.

Nimehariri config.json ya modi kwa Notepad, nikahifadhi, hakuna kinachobadilika. (Msomaji, Entebbe)

Washa kuonyesha viambishi vya mafaili, yaani mwisho wa jina kama .txt. Faili lako linaitwa config.json.txt.

Nikifuta config.json ya modi ya Stardew Valley, shamba langu litapotea? (Msomaji, Gulu)

La. Shamba liko AppData, StardewValley, Saves. SMAPI, programu inayoendesha modi za Stardew, ikifunguka tena, modi itajiandikia config nyingine, na kuku wako hawatajua lolote.