Usiifumue skafu hiyo

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama uifumue skafu uianze upya, maana ulianza na vitanzi 30 na sasa unahesabu 37, au uiache hivyo hivyo ujaribu kofia kabla baridi haijakolea. Usiifumue. Ilaze mezani penye mwanga, uisome kuanzia chini.

Picha uliyonitumia nimeitazama sana. Vitanzi vyako vya ziada vinazaliwa ukingoni, mwanzo wa mstari. Ukigeuza kazi, uzi unabaki umepita juu ya sindano, unakivuta kitanzi cha kwanza mpaka kinaonyesha miguu miwili, nawe unaifuma yote miwili kana kwamba ni vitanzi viwili. Ukishageuza, shusha uzi upite chini ya sindano kwanza, ndipo uchome. Vile vitundu vya katikati navyo vinatokea pale uzi ulipojizungusha kwenye sindano bila wewe kujua, ukarudi ukaufuma. Kwa sasa hesabu kila umalizapo mstari. Baada ya muda macho yako yataanza kuona kosa kabla ya hesabu, na ndiyo maana nataka skafu hiyo ibaki: hakuna kitu kingine kinachokuonyesha mikono yako ilikuwa inafanya nini, mstari kwa mstari.

Kabla ya kofia, fuma glavu zisizo na vidole. Ni mistatili miwili tu. Kila mmoja unaukunja, unaushona ubavuni, unaacha tundu la kidole gumba. Hapo utajifunza kitanzi cha kinyume, kile ambacho mbele kinaonekana kama mgongo wa kitanzi cha kawaida. Fuma viwili vya kawaida, viwili vya kinyume, hivyo hivyo hadi mwisho, upate pindo linalovutika na kurudi, linaloshika kifundo cha mkono. Kumbuka kuupitisha uzi mbele, katikati ya sindano mbili, kabla ya kitanzi cha kinyume, na kuurudisha nyuma baada yake. Kwa kazi hii chukua uzi wa sufu ukiupata. Sufu inashika hewa ndani yake, na hata ikinyonya unyevu bado inatia joto. Ila usiifue kwa maji ya moto wala kuisugua, itajikaza isirudi tena.

Halafu ndiyo kofia, na hapa nakuomba unisikilize kwa makini. Fuma sampuli kwanza, kipande cha sentimita 15 kwa 15, ukioshe, kikauke, kisha uweke rula katikati uhesabu vitanzi vilivyomo ndani ya sentimita 10. Tuseme umepata 18. Kichwa chako ni sentimita 56, na kofia inatakiwa iwe ndogo kidogo ili ishike, kwa hiyo vitanzi 88 vitakupa karibu sentimita 49. Lakini ukiwa unalegeza mkono ukapata 16, vitanzi hivyo hivyo 88 vinakuwa sentimita 55. Kofia ya kwanza niliyomfumia baba yako niliiruka sampuli kwa sababu nilitaka aivae upesi. Ilimteremka hadi machoni. Aliivaa hivyo hivyo msimu mzima, na kila nilipomwona akiisukuma juu kwa kidole moyo uliniuma. Ukipata 16, badilisha sindano, chukua nyembamba zaidi, ufume sampuli nyingine.

Namba 88 nimeichagua kwa makusudi. Inagawanyika kwa 4, kwa hiyo pindo lako la viwili viwili litakutana vizuri ukifuma kwa sindano ya mduara, yaani ncha mbili zilizounganishwa kwa kamba, unayofumia kwa kuzunguka bila kushona ubavu. Inagawanyika pia kwa 8, jambo linalorahisisha kupunguza juu: fuma vitanzi 9, kisha viwili pamoja, mara 8, ubaki na 80. Fuma mzunguko mmoja bila kupunguza. Kisha 8 na viwili pamoja, na kuendelea, hadi vibaki 8. Pitisha uzi ndani yake kwa sindano ya kushonea, ukaze. Kabla ya kuunganisha mzunguko wa kwanza, hakikisha ukingo wa mwanzo, pale ulipoanzia vitanzi, unatazama ndani pande zote. Ukingo ukijisokota hapo, hakuna namna ya kunyoosha isipokuwa kufumua.

Glavu za vidole vitano ziache kwa sasa.

Nitumie picha ya sampuli kabla hujaanza kofia, na rula uiweke juu yake nisome mwenyewe.

Mama yako