Midikloriani za Jedi na mitokondria zetu

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mtaalamu wa maabara katika zahanati moja mkoani Morogoro, na kutwa kazi yangu ni kuhesabu vimelea vya malaria kwenye tone la damu. Juzi nilitazama na wanangu filamu ya Star Wars ya mwaka 1999, The Phantom Menace, ambamo Qui-Gon Jinn, shujaa wa kundi la Jedi, anachukua damu kidogo ya mtoto Anakin, kipimo kinaonyesha midikloriani zaidi ya 20,000, na hapo inajulikana kwamba mtoto huyo amempita hata Yoda, mwalimu mkuu wa Jedi. Je, maelezo hayo yana sayansi yoyote ndani yake? Na kwa nini rafiki zangu walioanza na filamu za zamani wanasema yaliharibu hadithi? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Ndugu yetu wa Morogoro, tumelifurahia swali lako kwa kuwa limetoka kwa mtu anayejua kuhesabu kilichomo ndani ya damu.

Katika filamu ya kwanza, ya mwaka 1977, mzee Obi-Wan Kenobi anamweleza kijana Luke kwamba Nguvu, ile wanayoitumia Jedi, ni uga wa nishati unaotokana na viumbe vyote hai, unaotuzunguka, unaopenya ndani yetu na kuishikamanisha galaksi. Miaka 22 baadaye mtunzi, George Lucas, alimpa Qui-Gon maneno mengine: kwamba ndani ya seli za kila kiumbe hai mna viumbe wadogo mno, waitwao midikloriani, wanaoishi nasi kwa kufaidiana, na kwamba bila wao uhai usingekuwapo. Asomaye baiolojia atatambua mara moja maelezo hayo yametoka wapi. Ndani ya seli zetu mna mitokondria, vijiungo vinavyoipatia seli nishati, na ndani ya seli za majani mna kloroplasti, vijiungo vya kijani vinavyonasa nishati ya jua, na inaaminika leo kwamba zote mbili zilitokana na bakteria waliomezwa na seli nyingine zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita, wasisagwe, wakabaki humo wakilipa kodi ya pango kwa nishati. Lynn Margulis, mwanabaiolojia wa Marekani, alitetea hoja hiyo katika makala ya mwaka 1967 ambayo majarida kumi na kadhaa yalikuwa yameikataa. Ushahidi ulimpa haki: mitokondria zina DNA yake zenyewe, iliyofungwa duara kama ya bakteria, na kwa binadamu ina jeni 37 tu.

Kwa hiyo wazo la wageni waliohamia ndani ya seli, wakawa sehemu ya uhai wetu, ni sayansi halisi. Tatizo linaanza pale sindano inapotoboa ngozi.

Wewe unapohesabu vimelea, unavihesabu sambamba na seli nyeupe 200, kisha unazidisha kwa 8,000 na kugawanya kwa 200, ili upate idadi katika mikrolita moja ya damu. Namba yako ina kipimio chake. Anayeipokea anajua ni vingapi katika kiasi gani. Namba ya Anakin inatajwa katika mazungumzo hayo bila kipimio chochote. Tukichukulia kwamba ni idadi katika seli moja, 20,000 si namba ya ajabu, maana seli ya ini ina mitokondria kati ya 1,000 na 2,000, na yai la mwanamke lina laki moja au zaidi. Lakini damu ndiyo mahali pabaya pa kuzitafuta, kwa sababu seli nyekundu iliyokomaa, ambayo ndiyo imejaa chini ya hadubini yako, haina hata mitokondria moja. Ilizitupa zote ili ipate nafasi ya kubeba oksijeni. Qui-Gon angelazimika kuhesabu ndani ya seli nyeupe, ambazo ni chache mno.

Jambo linalotuvutia zaidi ni la urithi, na hapa filamu imepatia na kukosea kwa wakati mmoja. Mitokondria hurithiwa kwa mama. Za baba, zinazoingia na mbegu yake, huangamizwa ndani ya yai. Mama yake Anakin, Shmi, anasema wazi kwamba mtoto hana baba, na Qui-Gon anakisia kwamba midikloriani zenyewe ndizo zilizomtunga mimba. Hadi hapo mambo yanakwenda na baiolojia, kwani kila alicho nacho mtoto ndani ya seli zake kimetoka upande wa mama. Lakini Luke na Leia wanasifika kwa Nguvu waliyorithi kwa Anakin, baba yao. Kama midikloriani zingerithiwa kama mitokondria, mapacha hao wangepata za mama yao Padmé, ambaye hakuwa Jedi, na damu nzito ya Anakin ingeishia kwake mwenyewe. Hadithi nzima ya ukoo wa Skywalker inasimama juu ya urithi wa baba, na maelezo ya kisayansi yaliyoletwa kuutegemeza ndiyo yanayoukata.

Kuhusu rafiki zako, tunakubaliana nao nusu. Wanasema Nguvu imeshushwa ikawa vijidudu. Sivyo alivyosema Qui-Gon: kwake midikloriani ni wajumbe wanaotuletea mapenzi ya Nguvu, na Nguvu yenyewe imeachwa bila kuelezwa kama ilivyokuwa mwaka 1977. Hesabu ya damu inaeleza nani anasikia vizuri. Haielezi anasikia nini. Tunachosikitika nacho sisi ni kwamba kilichokuwa kikipatikana kwa subira na mafunzo sasa kinasomwa kwenye kifaa kabla mtoto hajafundishwa lolote. Hata hivyo, mbegu ya jambo hilo ilikuwapo tangu filamu ya mwaka 1983, Luke alipomwambia dada yake kwamba Nguvu imo katika ukoo wao.

Tukuongezee jambo ambalo wewe, mtu wa hadubini, utalipenda. Ndani ya ovari za kupe wa Ulaya, Ixodes ricinus, watafiti wa Italia walimkuta bakteria anayeishi katikati ya tando mbili za mitokondria, na kupe jike humrithisha kwa watoto wake. Mwaka 2006 walimpa jina la Midichloria mitochondrii, kwa ruhusa ya Lucas mwenyewe.

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa sekondari Mombasa. Katika filamu nyingine ya Star Wars, The Empire Strikes Back, Yoda anainua ndege ya Luke kutoka kwenye kinamasi bila kuigusa. Je, nishati ya kufanya hivyo ingetoka wapi, na sumaku ingeweza? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Marahaba mwanangu. Nishati ndiyo sehemu nyepesi. Tuseme ndege ina tani 10 na imeinuliwa mita 3: zidisha kilo 10,000 kwa 9.8 kisha kwa 3, utapata jouli 294,000, ambazo ni kilokalori 70 hivi. Ndizi moja mbivu ya wastani ina kilokalori zipatazo 100. Hata tukikumbuka kwamba misuli hupoteza sehemu kubwa ya chakula kama joto, mlo mmoja ungemtosha Yoda.

Sumaku nayo huweza kuinua hata kisicho chuma. Mwaka 1997, huko Nijmegen, Uholanzi, Andre Geim na wenzake walimwelesha chura mzima hewani ndani ya sumaku ya tesla 16 hivi (tesla ni kipimio cha ukali wa sumaku), kwa kuwa maji yaliyomo mwilini mwake husukumwa kidogo na sumaku. Mashine nyingi za MRI za hospitali, zinazopiga picha ndani ya mwili kwa sumaku, zina tesla 1.5 au 3.

Ugumu uko kwenye kanuni ya tatu ya Newton, uliyokwisha kuisoma au utakayoisoma karibuni: ukisukuma kitu, nacho kinakusukuma. Chura yule alipoelea, uzito wake haukupotea. Uliibebesha sumaku, na sumaku ikaubebesha sakafu. Yoda naye, akiisukuma ndege juu, angesukumwa chini kwa uzito wa tani 10, juu ya miguu miwili midogo. Itazame tena sehemu hiyo ya filamu uangalie anaposimama: ni ardhi laini kando ya kinamasi, na nyayo zake hazizami.