Mashindano ya programu za sataranji: kwa nini mtoano haufai

SWALI: Sisi ni kikundi cha wanafunzi wa kompyuta, na wanane kati yetu wameandika programu zinazocheza sataranji. Tunakusudia kuzishindanisha kwa mtoano, mchezo mmoja katika kila raundi, kila mwanachama akitumia kompyuta yake na kuingiza hatua za mpinzani kwa mkono. Je, utaratibu huu utatupatia bingwa wa haki?

JIBU: Utawapatia bingwa, lakini hautawaambia programu ipi ni bora, na kikwazo kikubwa ni uchache wa michezo. Kwa kipimo cha Elo, yaani mfumo wa pointi unaopima uwezo wa wachezaji wa sataranji, programu inayomzidi mpinzani kwa pointi 35 hutarajiwa kupata takriban asilimia 55 tu ya alama zote, kwa hiyo katika mchezo mmoja si ajabu hata kidogo iliyo dhaifu ikapita na iliyo imara ikafunga virago. Hata mashindano makubwa yamepatwa na tatizo hili: mwaka 1974, ubingwa wa kwanza wa dunia wa sataranji ya kompyuta ulipofanyika Stockholm, programu 13 zilicheza raundi nne, na Kaissa ya Umoja wa Kisovieti ikatwaa taji bila kukutana na Chess 4.0 ya Marekani, iliyokuwa ikipewa nafasi kubwa. Zilikutanishwa baadaye katika mchezo wa kirafiki, nao ukaisha kwa sare.

Ninashauri mcheze kwa mtindo wa ligi. Programu nane zinatoa jozi 28, na kila jozi ikicheza michezo 20 mtakuwa na michezo 560, yaani 140 kwa kila programu. Mkiipa kila programu dakika moja pamoja na sekunde moja ya nyongeza kwa kila hatua, mchezo wa kawaida utachukua kama dakika tano, hivyo kompyuta moja inayoendesha michezo minne kwa wakati mmoja itamaliza kazi yote kwa muda wa saa 12 hivi. Hakuna binadamu atakayeweza kuingiza hatua zote hizo kwa mkono, wala hapaswi kujaribu. Kila programu ifuate itifaki ya UCI, yaani lugha ya pamoja ya mawasiliano ya programu za sataranji, kisha programu ya usimamizi kama Cute Chess iziunganishe, ihesabu muda na kuhifadhi michezo katika faili za PGN, muundo wa maandishi wa kurekodi michezo ya sataranji.

Wingi wa michezo peke yake, hata hivyo, hautoshi. Programu nyingi, zikipewa nafasi ileile na muda uleule, huchagua hatua zilezile au zinazokaribiana sana, na mnaweza kujikuta na michezo 20 ambayo kwa kweli ni mmoja ulionakiliwa. Kwa sababu hiyo chagueni funguzi kumi, yaani mifuatano ya hatua za mwanzo iliyopangwa mapema, zenye hatua sita hadi nane kila moja, na kila ufunguzi uchezwe mara mbili kwa kubadilishana rangi, ili hata ukiupendelea upande wa weupe, upendeleo huo uzifikie programu zote mbili. Orodha ya funguzi isitolewe kwa washiriki kabla ya siku yenyewe.

Kuhusu vifaa, programu zote ziendeshwe kwenye mashine moja, kila moja ikipewa uzi mmoja wa prosesa (mfululizo mmoja tu wa kazi kwa wakati mmoja) na kiasi sawa cha memori, na zizuiwe kufikiri wakati wa zamu ya mpinzani, kwa kuwa zisipozuiwa zitanyang'anyana prosesa. Michezo minne kwa pamoja inahitaji prosesa yenye viini halisi vinne, na kimoja cha ziada kwa ajili ya mfumo wenyewe ni bora zaidi.

Kanuni za makosa ziandikwe mapema: hatua isiyo halali, kupitiliza muda au programu kuzimika ghafla, vyote vihesabiwe kuwa kushindwa. Baadhi ya waandaaji hukatisha michezo kwa kutumia hazina za Syzygy, yaani hifadhidata za mwisho wa mchezo zinazojua matokeo sahihi ya nafasi zenye vipande visivyozidi saba. Kwa programu za wanafunzi mimi nisingefanya hivyo, maana kuumaliza mchezo uliokwisha kuelekea ushindi ni sehemu ya uwezo unaopimwa. Dai kila mshiriki akabidhi msimbo wake pia. Suala la uhalisi si dogo: mwaka 2011 ICGA, shirika la kimataifa la michezo ya kompyuta, liliivua programu ya sataranji ya Rybka mataji yake ya dunia kwa madai ya kunakili msimbo wa wengine.

Mwisho, someni jedwali kwa tahadhari. Kwa michezo 140, asilimia ya alama za programu inaweza kupotoka kwa takriban saba juu au chini kwa bahati tu. Iwapo mbili za juu zitapishana kwa asilimia mbili au tatu, zipeni mechi ya ziada ya michezo 200 kwa funguzi mpya, na zikiendelea kubanana, tangazeni ubingwa wa pamoja.