Maswali yenu: Betri za kuchaji na nambari za kwenye ganda

Salaam aleikum. Nimenunua betri nne za kuchaji, saizi ya AA, zimeandikwa 3800 mAh. Tochi inafifia mapema kuliko nilipotumia zile za zamani za 2000. Nitajuaje kama nimeuziwa feki? — Msomaji, Likoni

Waaleikum salaam, ndugu yetu. Betri ya AA ya nikeli, yaani hiyo ya kuchaji ya kawaida, haiwezi kubeba mAh 3800 (mAh ni kipimo cha umeme betri inaoweza kubeba). Zilizo bora kabisa hukomea karibu 2700 au 2800, na nyingi za kutegemewa ni 1900 hadi 2500. Kwa hiyo nambari hiyo yenyewe tayari ni uongo. Lililobaki ni kujua uongo ni wa kiasi gani.

Anza na mizani ndogo, ile ya kupimia dhahabu au viungo. AA ya 2000 iliyo halali huwa na gramu 26 hivi, na ya 2500 hukaribia 30. Ikiwa chini ya 20, ndani mna vitu vichache tu. Lakini uzito hufichua mbovu, hauthibitishi nzuri.

Kipimo cha haki ni kuikamua, yaani kuimaliza umeme ukihesabu saa. Kwa fundi wa redio nunua rezista ya omu 3.3, ya wati 1 au zaidi, na uwe na mita ya kupimia volti. Betri mpya ichaji na uimalize mara tatu kwanza, maana iliyokaa dukani muda mrefu huamka polepole. Kisha ichaji ijae, iache ipoe saa moja, ifunge kwenye rezista na uandike saa uliyoanza. Weka ncha za mita kwenye betri yenyewe, wala si kwenye springi za kishikilio, kwa sababu kutu ya hewa ya bahari hula volti ukadhani betri ndiyo mbovu. Ikishuka hadi volti 1.0, ifungue hapo hapo. Ukiikamua zaidi unaiharibu.

Zidisha saa zilizopita kwa 360, ambazo ndizo mA zinazopita kwenye rezista hiyo, upate mAh. Betri ya kweli ya 2000 itadumu saa tano na nusu hivi. Hizo zako, kama ganda lingesema kweli, zingedumu zaidi ya saa kumi. Ikizima baada ya saa mbili, una 720 tu.

Pima kila moja peke yake. Ndani ya tochi betri hupangwa kwa mstari, na moja ikiisha mapema, hizo nyingine ambazo bado nzima huisukuma umeme kinyume na kuiua. Usichanganye mpya na kuukuu.

Wanasema hizi huchajiwa mara 1000. Mbona zangu hazikumaliza hata mwaka mmoja? — Mama wa duka, Kongowea

Dada, hesabu hiyo hutoka maabara, kwenye joto la nyuzi 20 hivi, chaji ikiwa ya taratibu, na katika mizunguko mingi betri haikamuliwi hadi mwisho. Hapa kwetu Machi inapita nyuzi 30 kivulini. Nikeli ikipata joto hupokea chaji vibaya, na chaja za bei rahisi hazijui betri imejaa, zinaendelea kuipika. Ikiwa chaja yako haina mahali pa kuzima yenyewe, piga hesabu: betri ya 2000 kwa chaja ya 200 mA ni saa 14 hadi 16, kisha chomoa. Chaji usiku, juu ya sakafu ya vigae, mbali na nyuma ya friji. Betri ikiwa moto usioshikika, chomoa hata kama saa hazijatimia.

Zile za volti 1.5 zenye tundu la USB zimeandikwa 3400. Ni kubwa kuliko za nikeli? — Msomaji, Majengo

Soma herufi zinazofuata nambari. Hapo ni mWh (kipimo cha nishati, yaani mAh ukizidisha kwa volti), si mAh. Gawanya kwa 1.5 upate kama 2270 mAh. Ya nikeli ya 2000, ukizidisha kwa 1.2, ina 2400 mWh, kwa hiyo hiyo ya USB, ambayo ni ya lithiamu, inazidi kweli, ila si kwa ukubwa unaoonekana kwenye ganda, na bado inafaa uipime. Hushikilia 1.5 mpaka mwisho kisha hukatika ghafla, bila tochi kufifia kukuonya. Kwenye redio ya AM saketi yake ya ndani huweza kuleta mlio. Hapo tumia nikeli. Na hiyo ya lithiamu usiitie kamwe kwenye chaja ya nikeli, kwani inaweza kushika moto.